Kutoka Umugi hadi Kiwanja: Historia ya Makazi na Sura ya Jamii kati ya Tarime na Serengeti

Miji ya pwani ya Afrika Mashariki imezoea kulinda sura yake kwa kulinda majengo. Zanzibar iliunda Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe mwaka 1985, ikapata mpango wa hifadhi mwaka 1994, na mwaka 2000 Mji Mkongwe ukaingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mwaka uliofuata ukaingizwa mji wa Lamu. Katika miji hiyo mawe ya matumbawe, chokaa, milango ya nakshi na baraza za mbele ya nyumba ni ushahidi unaoonekana kwa macho, kiasi kwamba mtu akiuliza ni nini kihifadhiwe huonyeshwa ukuta. Nchi iliyo kati ya Tarime na Mugumu, mkoani Mara, ambamo imo Nyansurura, haina ushahidi wa namna hiyo. Nyumba ya jadi ya Mkurya au ya Mngoreme ilijengwa kwa miti, udongo na nyasi, ikakaliwa miaka kadhaa, kisha ikaachwa ianguke na nyingine ikasimamishwa mahali pengine, na hakuna aliyeona kwamba jamii imepoteza kitu kwa kuanguka kwake.

Si kwamba jamii hizi hazikuwa na cha kuhifadhi. Kilichodumu kwao hakikuwa jengo bali mpangilio: nani akae karibu na nani, ng'ombe walale wapi na wapite wapi, shamba lirithiwe na nani, malisho na chemchemi ziwe za watu gani, na nani mwenye haki ya kuamua hayo yote. Historia ya makazi katika eneo hili kwa muda wa miaka mia moja na thelathini iliyopita ni historia ya mpangilio huo kuguswa mara kwa mara na mamlaka kutoka nje, na ya wananchi kuuunda upya kila mara kwa vitu vilivyobaki. Kinachoufanya wakati wa sasa uwe tofauti na nyakati zote zilizotangulia ni kwamba mabadiliko yanayoletwa na ukuaji wa miji, yakishakamilika, hayarudishwi.

Kitovu cha mpangilio wa Wakurya kilikuwa umugi, yaani makazi ya mwanamume mmoja pamoja na wake zake, wanawe waliooa na wajukuu. Nyumba zilizunguka zizi la ng'ombe lililoitwa oboori, na lango la umugi lilifungwa usiku ili mifugo na watu wawe ndani ya duara moja. Kila mke alikuwa na nyumba yake, na nyumba hiyo haikuwa paa tu: ilikuwa kitengo cha mali. Mashamba yaligawiwa kwa nyumba, ng'ombe walihesabiwa kwa nyumba, na mahari ya binti aliyezaliwa katika nyumba fulani ilitumika kumwoza kaka yake wa nyumba hiyohiyo, wala si mtoto wa mke mwingine. Desturi inayojulikana kama nyumba ntobhu, ambamo mwanamke asiye na mtoto wa kiume humtolea mahari msichana ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba yake, haieleweki vizuri pasipo kukumbuka kwamba nyumba ilikuwa na haki zake na kwamba kuiacha izimike ilikuwa hasara ya mali na ya jina. Mwanaanthropolojia Eva Tobisson, aliyechapisha mwaka 1986 utafiti wake juu ya familia za Wakurya wa Tarime, alionyesha jinsi maisha ya uzalishaji na ya ukoo yalivyofungwa pamoja katika kitengo hiki.

Juu ya umugi kulikuwa na egesaku, yaani ukoo wa watu wanaojitambua kuwa wa uzao mmoja, na juu yake ikiaro, neno linalotaja watu na nchi yao kwa wakati mmoja. Wairegi, Wanyabasi, Wakira, Watimbaru, Wanyamongo, Wakenye, Wasweta, Wanchari na Warenchoka ni miongoni mwa makundi hayo, na kila moja lilikuwa na eneo lake, hata mgeni aliyetaka kukaa alijulikana amekaribishwa na nani. Nguvu ya ikiaro ilikuwa mikononi mwa inchama, baraza la wazee lililoshughulikia siri za ulinzi wa nchi, mvua, maradhi na misimu ya tohara; mambo ya hadhara yalijadiliwa katika iritongo, mkutano ambamo mwanamume mzima yeyote aliweza kusema na ambao uamuzi wake ulimbana kila mtu. Vijana waliotahiriwa pamoja walikuwa rika moja, na zaidi ya rika kulikuwa na amakora, vizazi vinavyopeana nafasi kwa mzunguko, mfumo uliochunguzwa kwa kina na Malcolm Ruel tangu miaka ya 1950. Kazi kubwa za shamba na ujenzi zilifanywa kwa risaga, ambapo majirani walikusanyika kulima au kujenga kwa mwenzao na kulipwa kwa pombe na chakula, wakijua kwamba zamu yao itafika.

Kusini ya Mto Mara, kwa Wangoreme, Waikoma, Wanata na Waisenye, mambo yalifanana ingawa hayakuwa yaleyale. Sotoka ya ng'ombe iliyoifagia Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890, ikifuatana na ndui na njaa, iliziacha jamii hizi zikiwa chache na zilizotawanyika, nazo zikajikusanya upya kwa kutumia marika zaidi kuliko koo, kila kundi la rika likichukua sehemu ya nchi kuilinda na kuikalia. Mwanahistoria Jan Bender Shetler, katika kitabu chake cha mwaka 2007 kuhusu Serengeti ya magharibi, ameeleza kwamba wazee wa huko huisimulia historia yao kwa kupita mahali kwa mahali, kilima baada ya kilima, chemchemi baada ya chemchemi, hivi kwamba kumbukumbu imewekwa ardhini na anayeondolewa kwenye ardhi hiyo huondolewa pia kwenye simulizi. Ugunduzi huu una uzito mkubwa kwa yeyote anayepanga miji leo.

Hata ulinzi wa mawe haukuwa mgeni katika kanda hii. Upande wa pili wa mpaka, katika kaunti ya Migori nchini Kenya, upo Thimlich Ohinga, mji wa kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala chokaa, uliojengwa yapata karne ya 16 na kuingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Watu wa lugha mbalimbali waliukalia kwa zamu na kuukarabati, na umbo lake ni lilelile: duara, zizi ndani, lango jembamba. Ni jambo la kusikitisha kwamba urithi wa umbo hilo unatambuliwa pale tu ulipoandikwa kwa mawe, ilhali upande wa Tarime na Serengeti uliandikwa kwa miti na miiba.

Mkono wa kwanza wa nje kuugusa mpangilio huu ulikuwa mstari wa ramani. Makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886 yaliweka mpaka kutoka pwani, ukizunguka Kilimanjaro, hadi mahali ambapo latitudo ya digrii moja kusini inakutana na ziwa, na Wakurya wakajikuta katika nchi mbili. Wairegi, Wanyabasi na Wakira waligawanywa, kila kundi ndani ya ikiaro chake. Wajerumani walijenga boma Shirati kandokando ya ziwa na ngome Ikoma upande wa mbuga. Waingereza waliokuja baada ya Vita Kuu ya Kwanza waliweka machifu mahali ambapo hapakuwahi kuwa na mtawala mmoja, na machifu hao walidumu hadi sheria ya mwaka 1963 ilipoufuta mfumo huo nchini kote. Katika miaka hiyo yote inchama haikufutwa. Iliendelea kukutana pembeni, kwa kuwa chifu alikusanya kodi lakini hakuwa na uwezo wa kuitakasa nchi. Mwaka 1934 wamisionari wa Kimenno kutoka Marekani walifika Shirati, na baada yao zikafuata shule, zahanati na makanisa mbalimbali. Wakurya wengi waliingia jeshini, wengine wakalima kahawa ya arabika katika nyanda za juu za Tarime, na mishahara na mauzo yao yakaanza kuzaa vituo vya biashara: duka la bati, mashine ya kusaga, mnada wa ng'ombe. Vituo hivyo ndiyo mbegu ya miji ya leo, lakini kwa muda mrefu vilibaki mahali pa kwenda na kurudi, na mtu aliyekwenda mnadani jioni alilala kwenye umugi wake.

Mkono wa pili ulikuwa wa hifadhi. Sehemu ya Serengeti ilitangazwa pori la akiba mwaka 1929 na kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1951. Mwaka 1959 mipaka yake ilipangwa upya, Ngorongoro ikatengwa na hifadhi ikapanuliwa kuelekea kaskazini, na katikati ya miaka ya 1960 ikaongezwa kabari ya Lamai, nchi iliyo kati ya Mto Mara na mpaka wa Kenya, ambayo Wakurya waliitumia kwa makazi na malisho. Mwaka 1981 hifadhi ikawa urithi wa dunia, na katika miaka ya 1990 yakafuata mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti upande wa magharibi. Filamu ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, iliyotoka mwaka 1959 na kupata tuzo ya Oscar mwaka uliofuata, iliijulisha dunia Serengeti kama nchi ya wanyama peke yao. Hakuna haja ya kudharau kazi iliyofanywa kuwaokoa nyumbu na faru, na hakuna Mtanzania mwenye akili timamu anayetaka nyika hiyo igeuzwe mashamba. Lakini haki inadai kusema kwamba nchi hiyo haikuwa tupu, kwamba vilima vilivyomo vilikuwa na majina na makaburi, na kwamba kila kilomita iliyoongezwa kwenye hifadhi iliongeza msongamano katika ardhi iliyobaki kwa wakulima na wafugaji. Marekebisho ya baadaye, kama Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ikona inayounganisha vijiji vya Robanda, Natta Mbiso, Nyichoka, Makundusi na Park Nyigoti, na ambayo hupata sehemu ya mapato ya utalii, yalikuwa hatua njema, ingawa yalikuja baada ya kizazi kizima kuzoea kuiona hifadhi kama ukuta.

Mkono wa tatu ulitoka kwa serikali huru yenyewe. Mnamo Novemba 1973 Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama katika mkoa huuhuu wa Mara, alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri na kwamba hadi mwisho wa mwaka 1976 wananchi wote wa mashambani wawe wamehamia katika vijiji. Mkoani Mara operesheni ilifanyika mwaka 1974. Nia yake ilikuwa njema na sehemu ya matunda yake ipo hadi leo: shule, visima, zahanati na uongozi wa kijiji uliotambuliwa na Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya mwaka 1975. Namna ya utekelezaji, hata hivyo, ilikuwa kinyume kabisa cha umugi. Nyumba zilipangwa kwa mistari kando ya barabara. Zizi halikuwa na nafasi ya kuwa katikati. Ng'ombe walilazimika kupita mbele ya nyumba za watu wengine. Mashamba yakawa mbali kiasi cha kutumia asubuhi nzima kwenda. Na watu wa koo zenye uhasama wa muda mrefu walijikuta majirani. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, na mwenye zizi lililo mbali na usingizi wake hakuhitaji kuelezwa maana yake katika nchi ambayo wizi wa mifugo ulikuwa umeanza kugeuka kutoka desturi ya vijana kuonyesha ushujaa na kuwa biashara yenye silaha na masoko upande wa pili wa mpaka.

Kilichotokea baada ya operesheni kinafundisha zaidi ya operesheni yenyewe. Katika miaka ya 1980 familia nyingi zilirudi polepole kwenye mashamba ya zamani, zikajenga upya karibu na mahame ya baba zao, nao uongozi wa kijiji ukaendelea kuwepo juu ya makazi yaliyotawanyika tena. Hapakuwa na maandamano wala hati. Iliwezekana kurudi kwa sababu ardhi iliyoachwa ilikuwa haijauzwa kwa mtu, haijapimwa, na wazee walikuwa hai kuonyesha mpaka ulikuwa wapi. Wakati huohuo vyombo vya zamani vilijifunza kazi mpya. Sungusungu, jeshi la jadi la ulinzi lililoanzia kwa Wasukuma na Wanyamwezi mwaka 1982, lilipoingia Tarime liliunganishwa na iritongo: mkutano ukawataja wezi wa ng'ombe, sungusungu wakawafuata. Utaratibu huo ulikuwa na dosari zake, pamoja na watu kuadhibiwa bila kusikilizwa ipasavyo, lakini unathibitisha kwamba mpangilio wa jadi haukuwa kitu kilichokufa na kuwekwa makumbusho.

Mkono wa nne ni dhahabu, na hapa ndipo habari inapokuwa nzito. Wachimbaji wadogo walifanya kazi Nyamongo, wilayani Tarime, kwa miaka mingi kabla ya mgodi mkubwa, wakichimba maduara, yaani mashimo membamba yanayofuata mwamba wenye dhahabu, na kusaga mawe kwa makarasha. Sheria ya Madini ya mwaka 1998 ilifungua mlango kwa mitaji ya nje, na mwaka 2002 mgodi wa North Mara ukaanza uzalishaji wa kibiashara katika mashimo ya wazi ya Nyabirama na Nyabigena, na baadaye Gokona. Umiliki ulipita mikononi mwa kampuni mbalimbali hadi Barrick, na tangu makubaliano na serikali ya mwaka 2019 ubia unasimamiwa kupitia Twiga Minerals, ambamo serikali ina hisa asilimia 16. Miaka ya kati ilikuwa na machungu mengi: maji ya mgodi yenye asidi yalivuja kuelekea mto Tigithe mwaka 2009, na watu walipoteza maisha katika makabiliano kati ya polisi na wananchi walioingia mgodini kutafuta mawe. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2017 yameulazimisha kila mgodi kuandaa mpango wa uwajibikaji kwa jamii unaokubaliwa na halmashauri, na madarasa na vituo vya afya vinavyotokana na mpango huo vinaonekana.

Hata hivyo, athari ya mgodi juu ya makazi haipimwi kwa idadi ya madarasa. Katika vijiji vya Nyangoto, Kewanja, Matongo na jirani zake kumeota aina ya jengo linaloitwa tegesha. Ni nyumba inayojengwa haraka, au shamba linalopandwa miti na mazao kwa msongamano, mahali panapotarajiwa kuchukuliwa na mgodi, ili mwenyewe alipwe fidia siku wathamini watakapofika. Nyumba ya tegesha haina jiko lililowahi kuwashwa. Hakuna aliyezaliwa humo wala hakuna atakayezikwa uani kwake. Safu za nyumba hizo zimechukua nafasi ya malisho na mashamba, zimeleta ubia wa ajabu kati ya mwenye ardhi na mwenye mabati, na zimezaa mabishano yasiyokwisha kati ya wananchi, wathamini na mgodi.

Ni rahisi kuwalaumu wanaotegesha kwa tamaa, na lawama hiyo si ya bure. Lakini mzizi wa jambo uko katika kile ambacho sheria ya fidia inaweza kukihesabu. Mthamini huhesabu ukuta, paa, migomba, kahawa na makaburi. Sheria ya mwaka 1969 ya kuhamisha makaburi hata inaeleza utaratibu wa kufukua na kuzika upya. Mthamini hawezi kuhesabu ukaribu wa ndugu, njia ya ng'ombe kwenda mtoni, mti wa iritongo, wala haki ya nyumba ya mke wa tatu katika shamba ambalo fidia yake hulipwa kwa jina la mume. Jamii ikishagundua kwamba kile inachokithamini zaidi hakina bei na kwamba ukuta mtupu una bei, hujenga kuta tupu. Kwa maana hiyo tegesha ni umugi uliogeuzwa nje ndani, na hakuna hati ya historia inayoonyesha wazi zaidi jinsi fedha inavyoweza kuingia mahali na kuacha makazi bila wakaaji.

Miji nayo inakua kwa kasi. Sensa ya mwaka 2012 iliukuta mkoa wa Mara na watu 1,743,830, na ya mwaka 2022 ikaukuta na watu 2,372,015, ongezeko la zaidi ya theluthi moja katika muongo mmoja. Sirari, iliyolala wakati mpaka ulipofungwa mwaka 1977 kufuatia kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki na kuamka ulipofunguliwa mwaka 1983, sasa ni kituo kikubwa cha forodha. Tarime ina halmashauri yake ya mji. Mugumu, inayopata maji kutoka bwawa la Manchira, imepanuka hadi kuwa na kata zinazoitwa Stendi Kuu na Uwanja wa Ndege. Barabara ya Tarime hadi Mugumu, inayovuka Mto Mara na kupita Nyamongo, imekuwa ikijengwa kwa lami kwa vipande, na kila kipande kinapokamilika bei ya ardhi iliyo kandokando yake hupanda.

Hapa ndipo ilipo tofauti kati ya leo na mwaka 1974. Tanzania ina sheria mbili za ardhi zilizotungwa mwaka 1999. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5, inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi, inautambua umiliki wa kimila kuwa sawa na umiliki wa kupewa hati na serikali, na inataka mambo makubwa yapelekwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji. Kwa hakika mkutano mkuu wa kijiji ni ndugu wa karibu wa iritongo. Sheria ya Ardhi, Namba 4, ndiyo inayotawala mijini. Kijiji kinapomezwa na mji na kugeuzwa mitaa, mamlaka ya kugawa ardhi huhama: mtaa una mwenyekiti na mikutano, lakini hauna uwezo wa kugawa ardhi uliokuwa wa halmashauri ya kijiji. Kisha huja mpimaji, naye hukata nchi katika viwanja vya mita chache kwa chache, kila kimoja na namba yake na jina la mtu mmoja. Umugi hauingii katika kiwanja. Zizi haliruhusiwi, wana watatu hawawezi kujenga kando ya baba yao, na kaburi la babu hubaki ndani ya uzio wa mnunuzi kutoka mbali. Mwaka 1984 mtu aliweza kurudi kwenye mahame. Kiwanja kilichopimwa, kikapewa hati na kuuzwa hakina mahame ya kurudia.

Upimaji wenyewe si adui. Mwananchi asiye na hati hunyang'anywa kirahisi, na urasimishaji wa makazi, yaani kuyapima na kuyatambua makazi yaliyojengwa bila mpango, umewapa wengi usalama ambao mzee wa ukoo asingeweza kuwapa. Mapigano ya koo yaliyoitikisa Tarime katika miaka ya 2000, ambayo kwa sehemu kubwa yaligombea mipaka ya mashamba kati ya ikiaro kimoja na kingine, yanaonyesha kwamba mipaka inayokaa vichwani mwa wazee peke yake ina gharama ya damu. Linalohitaji kurekebishwa ni mfuatano wa hatua. Mpango mji wa kawaida huanza na barabara na kumalizia na viwanja, na kinachobaki katikati huitwa eneo la wazi. Mpango unaojali maendeleo endelevu, yaani maendeleo yanayokidhi mahitaji ya walio hai bila kuwanyima watakaozaliwa uwezo wa kukidhi ya kwao, kama Tume ya Brundtland ilivyoyaeleza mwaka 1987, ungeanza kwa kuchora chemchemi, mapito ya mifugo, makaburi na viwanja vya mikutano, kisha barabara zikapita mahali palipobaki.

Wala kuhifadhi sura ya jamii hakumaanishi kuirudishia inchama kila ilichokuwa nacho. Baraza hilohilo lililotunza nchi ndilo lililotangaza misimu ya ukeketaji wa wasichana, desturi iliyoumiza na kuua, na ambayo Tanzania iliifanya kosa la jinai kwa wasichana walio chini ya miaka 18 kwa sheria ya mwaka 1998. Wasichana waliokimbilia kituo cha Masanga, wilayani Tarime, na katika Nyumba Salama ya Mugumu walifanya uamuzi wa kihistoria kuhusu kipi katika mila kistahili kuishi, na waliufanya kwa miguu yao wenyewe, mara nyingi usiku, wakati wa tohara. Vivyo hivyo Sheria Namba 5 inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Jamii inayojua kutupa kilichooza ndiyo yenye haki ya kudai kwamba kizima kisitupwe pamoja nacho, na mjadala huo ni wa wanawake na vijana kama ulivyo wa wazee.

Upo mfano mmoja unaoonyesha kwamba maamuzi makubwa yanaweza kubadilishwa yakijadiliwa mapema. Serikali ilipotangaza nia ya kujenga barabara kuu itakayokata kaskazini ya Hifadhi ya Serengeti kuunganisha Mugumu na Loliondo, mjadala ulienda hadi Mahakama ya Afrika Mashariki, ambayo mwezi Juni 2014 ilizuia ujenzi wa barabara ya lami ndani ya hifadhi. Nyumbu walipata mawakili, na ni vema walipata. Njia za nyumbu zilichorwa kwenye ramani kabla ya barabara kujengwa, watafiti wakaeleza mahakamani nini kitatokea zikikatwa, na mradi ukabadilika. Njia za ng'ombe wa Nyansurura, Nyamongo na viunga vya Mugumu hazijawahi kupewa heshima hiyo, ingawa zina umri mkubwa kuliko hifadhi na zinategemewa na watu wanaolipa kodi na kupiga kura.

Halmashauri za Tarime na Serengeti hazihitaji sheria mpya ili kuanza. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 inaviruhusu vijiji kutenga malisho, vyanzo vya maji na maeneo ya mila katika mpango wao, na hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kuandikwa kwa jina la familia badala ya mtu mmoja, hata umugi ukamilikiwa kama umugi. Kinachotakiwa ni kazi hiyo ifanyike sasa, wakati sehemu kubwa ya wilaya hizi mbili iliyo nje ya hifadhi bado ni ardhi ya kijiji na wazee wanaojua mipaka bado wapo, na ifanyike katika mkutano wa hadhara ambamo wanawake wana kauli sawa. Maafisa ardhi wafike vijijini kabla ya madalali, na wananchi wa Nyansurura na jirani zake wasikubali kijiji chao kigeuzwe mitaa kabla mpango huo haujaandikwa, kusomwa mbele yao na kupigiwa kura.